Riwaya za pwani zirudishwe pwani

Riwaya nzuri kuliko zote za mapenzi na ugomvi wa familia nilizowahi kusoma zimeandikwa kwa Kiswahili, na nyingi zinatokea mahali ambapo ukikaa barazani unaisikia bahari. Wengi wetu tuliozisoma tulizisomea mtihani. Nadhani hapo ndipo zilipotupotea.

Mwanafunzi wa kidato cha tano anapewa Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Anaambiwa atafute dhamira, achambue migogoro, aorodheshe tamathali za semi, kisha ajibu swali linaloanza na "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma". Anafaulu au anafeli, kitabu anamwachia mdogo wake, na Yasmin anabaki kichwani mwake kama mstari wa daftari: mhusika mkuu, msichana wa Kihindi, anawakilisha wanawake wanaokandamizwa. Yasmin yule! Binti aliyeozwa mzee mwenye umri wa kuwa babake, akamkimbia, akafungiwa milango na ndugu zake mwenyewe, akapokewa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, na shoga yake Mwajuma, kisha akampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi ambaye polisi wa Mwingereza hawampi usingizi. Mtu akisimuliwa hayo kwenye boti ya kwenda Unguja, atasahau kushuka.

Ninaandika haya wakati watu wanapanga safari za Desemba. Treni ya Nairobi kwenda Mombasa itajaa, boti za Unguja zitajaa, na mabasi ya Tanga yataongezwa. Kwenye mabegi kutakuwa na zawadi za mabibi, mafuta ya ngozi, kanga ya kutandika mchangani, chaja mbili za simu. Kitabu hakitakuwamo, na kikiwamo kitakuwa cha Kiingereza, kilichonunuliwa kwa mtu aliyevitandaza njiani, chenye jalada la mwanamke aliyevaa kofia pana akiitazama bahari isiyo yetu.

Vitabu hivyo sivitukani. Vinastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu wenzetu wameelewa jambo ambalo sisi tumeliacha. Marekani wana desturi ya riwaya za likizo ya kiangazi tangu karne ya 19, reli na hoteli za ufukweni zilipoanza kuwachukua watu wa mijini kwenda kupumzika na wachapishaji wakaona kwamba msomaji aliye likizoni ni mteja kamili. Mpaka leo, kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Septemba, maduka ya vitabu kule huziweka riwaya hizo mbele kabisa mlangoni. Kisiwa kimoja, Nantucket, kilichoko baharini kusini mwa Cape Cod katika jimbo la Massachusetts, kimekuwa kama kiti cha enzi cha hadithi za namna hii. Elin Hilderbrand alitoa riwaya yake ya kwanza ya hapo, The Beach Club, mwaka 2000, akaendelea msimu baada ya msimu, na mwaka 2024 akatoa Swan Song na kutangaza kwamba ndiyo anayofungia mfululizo wake wa viangazi vya Nantucket. Jenny Han naye aliandika, kati ya 2009 na 2011, vitabu vitatu vya msichana mmoja anayepelekwa kila mwaka kwenye nyumba ya ufukweni ya rafiki wa mama yake, na vijana wawili wa nyumba ile, ndugu wa damu, ambao moyo wake unashindwa kuwaamua. Vilipogeuzwa tamthilia mwaka 2022, mpwa wangu na wenzake walibishana miaka mitatu mizima nani amwoe, na walibisha kwa machozi kabisa.

Ukizisoma nyingi utaona mifupa yake. Pana nyumba ya familia karibu na maji. Pana ndugu wa tumbo moja ambao mwaka mzima wanapigiana simu tu, na sasa wanalazimika kulala chini ya paa moja. Mama ana siri. Harusi inakuja, au matanga, au nyumba inataka kuuzwa. Kisha anatokea mtu ambaye hakualikwa. Mwandishi anajua kwamba msomaji wake amezungukwa na watoto na kelele, ana siku chache tu, kwa hiyo hadithi haimwachi. Anajua pia kwamba likizo ndiyo wakati pekee watu wa familia moja wanakaa pamoja muda mrefu, na yaliyozibwa tangu Januari yanapata nafasi ya kusemwa.

Sasa nitajieni mtu wa pwani asiyeijua nyumba ile. Nyumba ya urithi ipo kila mtaa, Tanga, Lamu, Mombasa, Mji Mkongwe, Bagamoyo. Babu alijenga, babu akafa, mirathi haikugawanywa. Leo ina warithi ishirini na zaidi, mmoja yuko Muscat, mwingine London, mwingine anaishi chumba cha uani na ndiye anayelipa maji, na kila Idi wakikutana wanakula pilau pamoja huku kila mmoja anajua mwenzake alisema nini juu yake. Kiangazi cha Nantucket ni kizuri, lakini hakina nyumba kama hiyo.

Na hakina pepo za misimu. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika historia ya pwani yetu, na nitakaa nalo kidogo. Hadithi ya mapenzi ya kiangazi inapata nguvu kwa sababu ina tarehe ya mwisho: Septemba ikifika, mmoja ataondoka. Kwetu tarehe hiyo iliwekwa na upepo. Kwa karne nyingi kaskazi ilipoanza kuvuma, Desemba hivi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Yalishusha tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, yakapakia boriti za mikoko, karafuu na pembe, kisha yakasubiri. Hakuna nahodha aliyeweza kurudi mpaka upepo ugeuke na kusi ishike. Katika kusubiri huko, wiki hata miezi, mabaharia na wafanyabiashara walipanga vyumba, walikopeshana, walicheza ngoma, walioa. Kusi ilipoanza walitweka tanga. Baadhi walirudi msimu uliofuata wakiwa na zawadi. Baadhi hawakuonekana tena.

Fikiria mwanamke wa Pangani au wa Lamu katika hali hiyo. Anajua siku ya kuolewa kwamba ndoa yake ina msimu. Mtoto anazaliwa akiwa na ndugu ng'ambo ya bahari ambao hatawajua mpaka labda siku baba atakapofariki, watakapotokea watu wageni wenye pua kama yake wakidai fungu lao. Kisha likaja 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12 kule Unguja, familia zilizokuwa zimekwishafumwa kwa ndoa za pande zote zikachanika: huyu kabaki, yule kakimbilia Oman, mwingine Dubai, mwingine Uingereza, na mapenzi yaliyoanza kabla ya mwaka huo yakabaki bila mwisho. Mwandishi anayetafuta drama ya familia hana haja ya kubuni sana. Aende akakae na wazee wawili wa Malindi kwa jioni moja.

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, amekaa nao. Riwaya yake Desertion ya mwaka 2005 inaanza mwaka 1899, Mwingereza mmoja anapotokea hoi mbele ya mwenye duka katika mji mdogo wa pwani. Mwenye duka, Hassanali, anamwingiza nyumbani kwake, kama Mwislamu yeyote mwenye imani angefanya. Dada yake Hassanali, Rehana, amekwisha kuachwa na mume mmoja aliyepanda chombo asirudi. Yanayotokea kati ya Rehana na mgeni yule yanaonekana ni ya watu wawili. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Unguja, kijana anayeitwa Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wa Amin wanakataa katakata. Damu ile inajulikana, jina lile linajulikana. Penzi la bibi linamfikia mjukuu kama deni. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikatembea kidogo, kwa sababu nimeyasikia maneno ya wazazi wale, takriban kama yalivyo, katika nyumba ninayoijua.

Ndiyo maana nasema mapenzi katika riwaya zetu hayawi ya watu wawili kamwe. Pembeni ya wapendanao wamekaa shangazi, somo, mke mwenza, kaka mkubwa anayepokea posa, jirani aliyeona, na marehemu babu. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu, wakitaka mapenzi ya chumba kilichofungwa, watu wawili wakizungumza juu ya hisia zao tu. Mimi nauona kuwa ndio utajiri wenyewe. Penzi linalopaswa kupita mbele ya watu kumi na wawili kabla halijafika kitandani lina hatari, lina ujasiri, lina hila, lina vichekesho pia. Soma jinsi Mwajuma anavyomfundisha Yasmin maisha ya Ng'ambo, taarabu na mashoga na vibarua na yote, halafu uniambie kama ungependa wale wawili, Yasmin na Denge, waachwe peke yao.

Kama ni kitabu kimoja tu cha kuchukua, chukua hicho. Kilitolewa mwaka 1999 na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na kina kila kitu: ndoa ya kulazimishwa, kutoroka, urafiki wa wanawake ambao kwangu mimi ndio penzi la kweli la kitabu, siasa za siri, mpelelezi mkaidi, magereza, bahari. Amil Shivji alikitengenezea filamu iliyooneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na ni nzuri kwa macho, lakini filamu haina nafasi ya mazungumzo yale marefu ya vibarazani ambayo Adam Shafi anayaandika kana kwamba alikuwa amejificha nyuma ya mlango.

Mwaka mmoja siku za Idi nilikuwa Tanga kwa bibi yangu. Umeme ulikatika baada ya magharibi na joto lilikuwa kali, tukatoka na mikeka uani. Nilikuwa na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, nakala ya zamani iliyochakaa, na mama mdogo akasema nisome kwa sauti, maana simu za watoto zilikuwa zimekwisha chaji na kulikuwa hakuna la kufanya. Bibi macho yake hayaoni tena herufi. Nikaanza.

Kama hujaisoma: Bwana Maksuudi ni mtu mkubwa, ana fedha, ana cheo, na anasema vizuri hadharani. Nyumbani amewafungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna, hawaoni mlango. Ya nje anayoyafanya yeye mwenyewe ni mengine kabisa. Maimuna anakua, anachungulia dunia, na siku moja anaondoka.

Sijasoma kurasa nyingi bibi akaniinulia mkono. "Rudia hapo, mwanangu. Alimwambiaje mkewe?"

Nikarudia.

"Huyu Maksuudi mimi namjua."

Mama mdogo akacheka. "Unamjua wapi, Mama? Mtu wa kitabuni huyo."

"Tulikaa naye mtaa mmoja," bibi akasema, na hakuwa anatania. Akataja jina la mtu ambaye sote tulilijua, kisha akakaa kimya na mama mdogo naye akaacha kucheka.

Tulisoma mpaka taa ya simu yangu ikazima. Walibishana juu ya Biti Kocho, yule mama mtu mzima anayeingia na kutoka mle nyumbani, kama alikuwa na haki ya kuyaingilia mambo ya nyumba ya watu. Bibi alisema alikuwa nayo. Mama mdogo alisema Tamima angejitetea mapema, angeondoka mwenyewe na wanawe. "Aende wapi?" bibi akamuuliza. "Wakati ule ukiachwa unakwenda wapi?" Na hapo mazungumzo yakatoka kitabuni, yakaingia kwenye mambo ya familia yetu ambayo sikuwahi kuyasikia kabla ya usiku ule na ambayo sitayaandika hapa. Kesho yake, kabla ya chai, bibi aliuliza yule mtoto Maimuna kafika wapi.

Said Ahmed Mohamed, mwana wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1947, aliitoa riwaya ile mwaka 1980. Huko Kenya imewahi kuwa kitabu cha kutahiniwa, na ninajua watu wazima wa Nairobi ambao hadi leo wakisikia jina Maksuudi wanakumbuka maswali ya alama ishirini. Ninawasihi wairudie. Uani, gizani, pamoja na watu watatu wa vizazi vitatu, Utengano ni kitabu kingine kabisa.

Niongeze neno juu ya kusoma kwa sauti. Riwaya hizi zimeandikwa na watu waliolelewa na hadithi za kusimuliwa na taarabu za kusikilizwa, na sentensi zao zina pumzi ya mtu anayesema. Dialogi za Shafi ukizisoma kimyakimya unapata maana, ukizisoma kwa sauti unapata mtu. Kwa hiyo usikichukue kitabu ufukweni ukajitenge nacho. Wape waliokaa nawe sura moja. Watakaotaka wataomba ya pili.

Baada ya hizo mbili, mimi ningemshauri mtu aende kwa Mohamed Suleiman Mohamed, na hapa nitakuwa na upendeleo wa wazi, kwa sababu Nyota ya Rehema ya mwaka 1976 ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyoandikwa kwa uzuri kuliko zote ninazozijua. Rehema anazaliwa mweusi katika nyumba ya Mwarabu mwenye mashamba, na rangi yake peke yake inatosha kumtia babake, Fuad, shaka juu ya mkewe. Mtoto anakulia kama mgeni katika nyumba ya baba yake mzazi. Anakimbia, dunia inamfanya inavyomfanya, kisha anakutana na Sulubu, mkulima asiye na kitu, na kati yao linaota penzi la watu waliokwisha kukata tamaa ya kupendwa. Wanalima pamoja. Hakuna maua, hakuna barua za mahaba, pana jembe na mvua na chakula kinachoiva, na sijasoma mahaba yaliyonigusa kuliko hayo.

Halafu linakuja shamba. Baba alimpa, baba anafariki, na jamaa wanalitaka. Yeyote aliyekaa kwenye kikao cha mirathi pwani anajua kwa nini sura zile zinachoma. Sheria ya Kiislamu inayagawa mafungu kwa hesabu iliyo wazi, na wasia hauwezi kuvuka theluthi moja wala kumwongezea mrithi bila wenzake kuridhia. Lakini hiba, kile anachotoa mtu akiwa hai kwa mkono wake, ni jambo jingine, na linataka likabidhiwe na lijulikane. Baba wangapi wamemwambia binti yao "hapa ni pako" wakaishia hapo, bila karatasi, bila shahidi? Mohamed Suleiman Mohamed aliona kwamba ndani ya maneno hayo mawili matatu ya upendo mna riwaya nzima.

Kitabu chake cha kwanza, Kiu, cha mwaka 1972, ni kifupi na kinakwenda mbio: tajiri mzee Mwinyi, dereva wake Idi, na Bahati, msichana mzuri wa kwao maskini. Tamaa ya mali na tamaa ya mtu zinasukumana mpaka hujui ipi ni ipi. Kinamalizika kwa siku moja ya kaskazi ukikaa kivulini.

Kwa walio Mwanza na Ukerewe, ambao ufukwe wao ni wa ziwa, ipo Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, inayoanzia kijijini Namagondo kwa baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Ilipigwa marufuku mashuleni ilipotoka, kisha ikaja kuwa kitabu cha shule. Ni nzito. Isomwe, lakini si siku ya mwisho ya likizo.

Na Peponi, tafsiri ya Paradise ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na "ami" ambaye baadaye anagundua si ami yake. Amewekwa rehani kwa deni la baba. Humo mna safari ya bara, mna biashara, lakini mimi kinachonirudisha ni ile bustani iliyozungushiwa ukuta, na wanawake walio ndani yake, na Yusuf anavyoanza kumpenda ambaye haimpasi kumpenda. Kwa Kiswahili hadithi ile imefika kwao. Watu wale sasa wanazungumza kwa lugha waliyokuwa wakiizungumza tangu mwanzo.

Lipo linalonisumbua, na kulinyamazia itakuwa si haki kwa wasomaji wenzangu wa kike. Katika vitabu hivi wanawake wanalipa mno. Baba anakosea, mwili wa binti unalipa. Maimuna anapitia baa, Rehema anapitia mji, Rosa anapitia mabaya yote, na mara nyingi njia kutoka mlango wa baba hadi kwenye mapenzi ya kweli inapita kwenye aibu kwanza. Najua waandishi walitaka kuishitaki jamii, na mashitaka yao yalikuwa ya kweli. Lakini ningependa pia kusoma msichana wa pwani anayependa, anayekosana na mama yake, anayepatana naye, anayefanya kazi, anayecheka, na asiyeadhibiwa na njama ya kitabu kwa kuwa alifungua dirisha. Wamarekani wale wa Nantucket wanawapa wanawake wao furaha bila kuomba radhi, na hilo ningependa tuwaige.

Wanawake wenyewe wameandika, tena zamani. Zainab Burhani alitoa Mali ya Maskini mwaka 1981 na Mwisho wa Kosa mwaka 1987, vitabu vya mapenzi na tabaka na nyumba za watu, na anatajwa mara chache kuliko anavyostahili. Miaka ya karibuni Zainab Alwi Baharoon alipata Tuzo ya Mabati Cornell kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwa. Na nje ya vitabu, fungua simu tu. Kila usiku maelfu ya watu wanasubiri sehemu inayofuata ya hadithi kwenye kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp: mke mkubwa kagundua, mama mkwe kaja na sanduku, "itaendelea kesho saa tatu usiku". Waandishi wengine hutoa nusu bure na nusu kwa malipo ya simu, na wasomaji hulipa. Kabla ya hapo ilikuwa magazeti ya mchanganyiko yenye hadithi za kila wiki, watu wakigombania nakala kibandani. Sikubaliani kabisa na wanaosema Mswahili hasomi. Anasoma kwa kiu. Wachapishaji ndio hawajamfuata alipo.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyaomba, na ninayaomba kwa dhati. Zitoeni riwaya hizi upya kwa umbo dogo linaloingia mkobani, herufi zinazosomeka na mtu mzima, na jalada lisilofanana na kitabu cha kiada. Ondoeni maswali ya marudio nyuma. Ziuzwe bandarini Unguja na Dar watu wanapongojea boti, stesheni ya Miritini, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi, karibu na wauza korosho na maji. Bei iwe ya sahani ya chipsi kuku au ikaribie hapo. Hoteli za Diani, Nungwi na Paje zina rafu za vitabu walivyoviacha wageni, vya Kijerumani na Kiitaliano na Kiingereza. Kila rafu ile iwe na kumi vya Kiswahili, kwa sababu wageni wa siku hizi wengi wanatoka Nairobi, Dodoma na Kampala.

Na kwa anayesafiri mwezi ujao bila kusubiri hayo. Coco Beach Jumapili hapasomeki, muziki ni mwingi na mihogo ni mitamu mno. Nenda katikati ya wiki asubuhi. Ufukwe wa umma wa Mombasa baada ya Krismasi ni wa kuogelea na kuangalia watu, kitabu kiache nyumbani. Raskazone, kule Tanga, panafaa alasiri. Paje na Jambiani maji yakikupwa yanakwenda mbali kabisa, kina mama wanashuka kwenye mwani wao, na kwa saa kadhaa unabaki na kivuli cha minazi na kimya cha kutosha kumaliza sura tano. Anza na Vuta n'kuvute. Ukiimaliza mpe uliyekuja naye, na usimwambie Yasmin anaishia na nani.